Maana ya ahadi unapoiuliza hifadhidata

Wiki hii nimesikia kwa mara ya tatu mtu akisema "hifadhidata imevunja ahadi". Safari hii ni kijana tunayefanya naye kazi, tena hodari, na kwenye skrini yake kulikuwa na kosa namba 23505 la PostgreSQL, programu ya kuendesha hifadhidata. Namba hiyo hutokea unapojaribu kuingiza thamani ambayo tayari imo kwenye safu wima isiyoruhusu marudio. Mteja alikuwa anajisajili mara ya pili kwa namba ileile ya simu. Hifadhidata ilimzuia kama tulivyoiagiza wenyewe siku tuliyounda jedwali. Ahadi ilivunjwa wapi hapo?

Maana yenyewe haina urefu. Katika lugha ya programu ya JavaScript, ahadi (kwa Kiingereza promise) ni kitu ambacho fanksheni inakukabidhi papo hapo kwa niaba ya jibu ambalo bado halijafika. Una seva ya Node.js, yaani JavaScript inayoendeshwa kwenye seva, unaiuliza PostgreSQL kupitia pg, laibrari ya kuunganisha hizo mbili, swali linasafiri hadi kwenye hifadhidata, na wakati linasafiri seva yako imeshashika ahadi na inahudumia watu wengine. Ahadi huwa katika hali moja kati ya tatu: inasubiri, imetimia, au imekataliwa. Ikishatoka kwenye kusubiri, haigeuki tena. Utaikuta kwa mtindo huohuo ukitumia laibrari nyingine za hifadhidata kama Knex, Sequelize au mysql2.

Kinachotupoteza ni jina. Watu wa Kiingereza walilichagua zamani kabla JavaScript haijazaliwa: Daniel Friedman na David Wise walilitumia mwaka 1976, na mwaka 1988 Barbara Liskov na Liuba Shrira wakaandika juu ya ahadi kama njia ya kuita kazi iliyo kwenye mashine nyingine bila kukaa kuisubiri. JavaScript ililiingiza rasmi kwenye lugha mwaka 2015, na neno await, linaloiambia fanksheni ingoje jibu la ahadi, likafuata mwaka 2017. Neno lao la Kiingereza limetoka Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kutuma mbele. Ukilichukua kwa asili hiyo linakaa vizuri kabisa: ni kitu kilichotangulizwa, jibu lenyewe liko nyuma linakuja.

Sisi tulipolitafsiri tukaweka "ahadi", na ahadi kwetu ni neno zito. Limetoka kwenye Kiarabu ʿahd, yaani agano, sharti linalomfunga mtu mbele ya mwenzake. Ndiyo maana tunasema ahadi ni deni, na asiyeitimiza ana lawama. Mtu aliyekulia kwenye neno hilo akiona ahadi imekataliwa, lazima atafute nani kamsaliti. Kiarabu kina neno jingine la kuahidi, waʿd, na kutoka mzizi huo sisi tumepata "miadi". Kwa hiyo Kiswahili kina maneno mawili: ahadi inayomfunga mtu, na miadi inayotaja wakati. Mtu anaweza kukuahidi bila kukupa miadi, na kila aliyewahi kumpelekea fundi kitambaa cha nguo ya harusi anajua tofauti yake.

Sasa angalia kitu cha JavaScript kwa macho hayo. Hakimfungi mtu yeyote kufanikiwa, na hakitaji saa. Kinachokupa ni uhakika mdogo zaidi: kwamba kikitulia, kitatulia mara moja tu, ama na data ama na sababu ya kukosa data. Kikikuletea sababu, kimefanya kazi yake sawasawa na kilipokuletea data. Ningekuwapo siku ya kutafsiri ningependekeza "stakabadhi". Waliowahi kuunganisha malipo ya M-Pesa kwenye mfumo wao wanalijua jambo hili hata kama hawana jina lake. Unatuma ombi, unajibiwa kwanza kwamba ombi limepokelewa pamoja na namba yake ya kumbukumbu, halafu baadaye ndipo inakuja taarifa nyingine kwamba mteja amelipa, au namba 1032 kwamba amebatilisha. Ile ya kwanza ni stakabadhi. Anayetoa bidhaa kwa kuona stakabadhi atafilisika.

Kosa lenyewe kwenye msimbo linaonekana hivi:

const anaruhusiwa = anaRuhusa(mtumiaji, ripoti);
if (!anaruhusiwa) return jibu.sendStatus(403);

Fanksheni anaRuhusa inaiuliza hifadhidata, kwa hiyo inarudisha ahadi. Mstari wa pili ulipaswa kumkatalia asiye na ruhusa, kwa namba 403. Lakini mbele ya fanksheni hiyo hakuna await. Kilichomo ndani ya anaruhusiwa ni stakabadhi, na JavaScript huhesabu kila kitu cha aina hiyo kuwa kweli, hata kama jibu litakalofika ni hapana. Mlango umebaki wazi kwa wote. Programu haianguki, kosa halitokei, na majaribio ya mtu mwenye ruhusa yanapita bila shida. Nimewahi kuikuta mistari miwili kama hii kwenye mfumo uliokuwa ukitumika kazini kila siku, na dawa yake ilikuwa neno moja la herufi tano.

Mkanganyiko wa pili unatoka kwenye kudhani kwamba "imekataliwa" maana yake ni "haikupatikana". Uliza hivi:

await bwawa.query('SELECT * FROM wateja WHERE simu = $1', [simu]);

Kama hakuna mteja mwenye simu hiyo, ahadi hii inatimia. Inatimia na orodha tupu ya mistari, kwa sababu swali lilikuwa "nipe wote wenye simu hii" na jibu sahihi ni kwamba hawapo. Anayengoja habari hiyo kwenye catch, sehemu ya msimbo inayopokea ahadi zilizokataliwa, atangoja sana. Sequelize nayo ukiiuliza kwa findOne inatimia na null, yaani hakuna kitu. Laibrari ya pg-promise ndiyo imeamua tofauti: njia yake iitwayo one inakataa ahadi usipopatikana mstari mmoja kamili, kwa sababu ulisema unataka mmoja. Huo ni uamuzi wa waliotunga laibrari, na ni vizuri kuusoma kwenye maelezo yao kabla ya kuanza kubuni. Ahadi zenyewe hazina msimamo kuhusu mstari usiokuwapo.

Kuhusu kasi nitasema kidogo, maana nalo linasemwa sana. Ahadi haiharakishi swali. Jedwali lisilo na faharasa litapekuliwa mstari kwa mstari, uwe umeandika await au umerudi kwenye mtindo wa zamani wa kupitisha fanksheni ya kuitwa baadaye. Kinachopona ni seva, isikae imeduwaa. Hata ukiyafunga maswali kumi kwenye Promise.all ili uyangoje yote kwa pamoja, kama yote yanapita kwenye muunganisho mmoja wa pg yatapanga foleni na kujibiwa moja baada ya jingine.

Basi ahadi ya hifadhidata haiwezi kuvunjwa kamwe? Inaweza, na hapa ndipo lile neno miadi linaporudi. Bwawa la miunganisho la pg, yaani akiba ya njia za kufika kwenye hifadhidata zinazoazimwa na kurudishwa, kwa kawaida lina miunganisho 10. Msimbo wako ukichukua muunganisho kwa connect na kusahau kuurudisha kwa release, umebaki na tisa. Makosa tisa zaidi ya aina hiyo na bwawa limekauka. Ombi linalofuata linapewa ahadi kama kawaida, na ahadi hiyo inasubiri. Usipoweka connectionTimeoutMillis, yaani kikomo cha muda wa kungoja muunganisho, thamani yake ya kawaida ni sifuri, na sifuri hapo maana yake ni kungoja bila mwisho. Haitimii, haikataliwi, catch yako haiitwi, kumbukumbu za seva ziko kimya, na mteja kwenye simu yake anaona duara linazunguka. Hiyo ndiyo ningeiita ahadi iliyovunjwa: isiyosema ndiyo wala hapana. Ipe ahadi hiyo miadi, hata sekunde tano, na itarudi kuwa ahadi iliyokataliwa, kitu unachoweza kukishughulikia.

Ndiyo maana neno "imekataliwa" linanigusa ninaposikia likitamkwa kama aibu. Tangu toleo la 15 la mwaka 2020, Node.js huizima programu nzima ahadi ikikataliwa bila mtu wa kuipokea, na wengi wamekutana na neno hilo kwa mara ya kwanza seva ikiwa chini. Naelewa wanavyoliogopa. Lakini kilichoiangusha seva ni kule kutopokelewa.

Nilimwambia yule kijana asiseme imevunjwa, aseme imekataliwa kwa sababu namba ipo, halafu amwambie mteja hivyohivyo. Akafungua catch yake, akaongeza sharti la kosa.code === '23505', na mahali palipokuwa pameandikwa "Samahani, kuna tatizo la mfumo" akaandika: "Namba hii imeshasajiliwa. Ungependa kuingia kwenye akaunti yako?"