Kalipa za Brembo hazitoshi: kinachochemka ni mafuta ya breki

Wenye Subaru Impreza WRX STI wengi huamini kwamba gari lililotoka kiwandani na kalipa (vibanio vya breki) za kampuni ya Brembo halihitaji kuguswa kabla ya siku ya kwanza kwenye saketi ya mbio. Si kweli, na imani hiyo ni ya hatari. Nguvu ya mguu wako hufikishwa kwenye kalipa na mafuta ya breki, na mafuta hayo hunyonya unyevu. DOT 4 mpya, daraja mojawapo la mafuta hayo, lazima istahimili angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishaingiwa na maji, kiwango hicho cha chini ni 155 tu. Yakichemka, mvuke hubonyea, kanyagio huzama hadi sakafuni na gari halisimami.

Kwa hiyo badilisha mafuta yote. Kwa kawaida lita moja inatosha. Toa hewa kwenye breki ya kila gurudumu mpaka mafuta yatoke safi, bila mapovu. DOT 5 ni ya silikoni, usiitie kamwe. Pedi (vibao vinavyobana diski) zikiwa zimebaki nusu, weka mpya, maana nyembamba hupitisha joto haraka kwenye mafuta.

Nati za magurudumu kaza kwa toki spana (spana inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha kitabu cha gari, na uzikague tena zikipoa.

Mzunguko wa mwisho uwe wa polepole. Ukisimama, ondoa mguu kwenye breki, acha gari kwenye gia na uweke kigingi cha kuzuia gurudumu: pedi ya moto ikibana diski iliyotulia huacha utando mahali pamoja, na baadaye usukani hutetemeka kila ukifunga breki.