Faiba si anasa: dhana potofu kuhusu nyaya za kuunganisha majengo

Anayepanga mtandao wa shule au zahanati yenye majengo manne matano huambiwa mapema kwamba faiba, yaani kebo ya nyuzi za kioo inayopitisha data kwa mwanga, ni ya makampuni makubwa, yeye avute Cat6, kebo ya kawaida ya mtandao yenye nyaya za shaba. Si kweli, na ushauri huo ndio unaomaliza fedha za wengi. Kikomo cha shaba kwenye Ethaneti, mfumo wa kawaida wa mtandao wa waya, ni mita 100 kati ya kifaa na kifaa. Bweni lililo mita 180 kutoka ofisini litadai swichi (kifaa cha kuunganisha kebo za mtandao) katikati ya njia, pamoja na umeme wake, kasha la kukinga mvua na mlinzi. Hapo unafuu umekwisha.

Hata kwa mita 40, shaba nje ya jengo ina hatari yake: radi. Ukanda wa Ziwa Victoria, Mwanza na Bukoba hadi Kisumu na Kakamega, unajulikana kwa radi nyingi. Wengi hudhani waya ukifukiwa uko salama. Lakini radi ikipiga karibu na jengo moja, volteji ya ardhi ya hapo hupanda ghafla kuliko ya jengo la pili, na waya wa shaba huwa njia ya umeme huo kupitia swichi za pande zote mbili. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Chagua isiyo na chuma ndani. Wezi wa shaba nao hawana haja nayo.

Wengine hukubali faiba, kisha wakachukua maltimodi, faiba ya masafa mafupi, wakiamini singomodi, ya masafa marefu, ni ghali. Siku hizi kebo ya singomodi mara nyingi ni nafuu zaidi kwa mita, na moduli za gigabiti moja kwa sekunde, yaani vipande vya kuchomeka faiba kwenye swichi, zimekaribiana bei. Maltimodi ya daraja la OM3 hubeba gigabiti 10 hadi mita 300. Singomodi hufika kilomita 10. Tena usinunue ya nyuzi mbili tu. Gharama kubwa ni mtaro, na hutaki kuuchimba mara mbili kwa sababu uzi mmoja umekatika.

Ndani ya jengo, shaba bado inafaa kabisa, ila si kila boksi la Cat6 ni shaba. Nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba: haikidhi viwango, na hupoteza umeme mwingi ikilisha kamera umeme kupitia kebo hiyo hiyo ya mtandao. Kwangua uzi kwa kisu kabla ya kulipa. Ukiona weupe, rudisha.