Kumvisha ndege pete si kumfuatilia

Katika boti iliyotutoa Goma kuja Bukavu, abiria mmoja alitueleza kwa uhakika mkubwa kwamba korongo mwenye pete mguuni huonekana kwenye kompyuta kule Ulaya kila anapotua. Maneno hayo nimeshayasikia mara nyingi, lakini safari hii msemaji alikuwa mwalimu.

Kumvisha ndege pete ni kumkamata, kumfunga mguuni kipande chepesi, mara nyingi cha alumini, chenye namba na anwani, kisha kumwachia, ili atakayemkuta siku nyingine aweze kutoa habari. Basi.

Jina la kitu hicho tunalo tangu kale. Waswahili husema pete, wasemao Kilingala lopete, Wanyarwanda impeta, na mwenye sikio hahitaji kuambiwa kwamba maneno hayo ni ya ukoo mmoja. Kinachotupoteza ni kitenzi. Kwetu, msichana aliyevishwa pete amechumbiwa: ana mwenyewe, na familia mbili zinajua yuko wapi. Nadhani fikra hiyo ndiyo tunayomhamishia ndege, tukadhani kwamba aliyemvisha anajua aliko. Hajui. Pete ya ndege inafanana zaidi na bahasha yenye anwani ya nyumbani, ambayo isipookotwa na mtu anayejua kusoma, itabaki kimya hadi ioze.

Mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alipowavisha kwezi pete za alumini mjini Viborg mwaka 1899, baada ya kujaribu zinki na kuiona nzito, hakuwa na njia nyingine ila kungoja barua. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, mwezi wa Mei 1911, alijulikana kuwa amefika Natal, Afrika Kusini, kwa sababu mnamo Desemba 1912 mtu alimshika huko, akaisoma pete, akaandika. Kwa miezi kumi na tisa katikati, hakuna aliyejua kitu.

Hata leo, katika vituo kama kile cha kisiwa cha Helgoland, Ujerumani, ambako ndege hupita kwa wingi Septemba na Oktoba wakielekea kusini, sehemu kubwa ya siku haiishii mbele ya kompyuta. Ndege hunaswa, hutiwa katika mfuko wa kitambaa, huvishwa pete kwa koleo maalumu, hupimwa bawa na uzito, kisha manyoya ya kifua hupulizwa ili yaonekane mafuta chini ya ngozi, maana hayo ndiyo chakula chake cha njiani. Halafu mkono hufunguliwa, naye huenda zake.

Mtambo wa kupeleka habari kwa sateliti ni kitu kingine kabisa: kwa kawaida hubebwa mgongoni kwa mikanda, una betri, na bei yake ni kubwa. Korongo aliyeshikiliwa Qena, Misri, mwaka 2013 kwa kudhaniwa jasusi alikuwa amebeba kifaa cha namna hiyo. Si pete iliyomponza.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu, ukimwona korongo mwenye pete mguuni, sema tu kwamba ana pete, na neno "anafuatiliwa" umwekee yule mwenye mtambo mgongoni. Na ukiokota mbayuwayu aliyekufa kando ya Kivu akiwa na pete, tafadhali nakili herufi na namba zote, hata zile zilizofutika nusu.