Vespa yako haina taa? Nambie kwanza ilipigwa rangi lini

Vespa kuukuu ikiletwa kwangu haina taa, honi inakohoa na injini inazima ovyo, swali langu la kwanza silo la koili wala plagi. Nauliza ilipigwa rangi lini. Mwenye chombo hushangaa, maana rangi ndiyo anayojivunia: inang'ara, akiiegesha Forodhani hapa Unguja wageni wanaipiga picha. Na mara nyingi rangi hiyohiyo ndiyo iliyokata umeme.

Piaggio walitoa vespa ya kwanza mwaka 1946, na aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege. Hakuunga mabomba ya fremu kama ya pikipiki nyingine. Bodi ya bati ndiyo fremu. Bodi hiyo pia ndiyo njia ya umeme kurudi, yaani ethi. Taa inapelekewa waya mmoja, wa pili ni bati lenyewe. Sasa mtu akishapaka praima na mikono mitatu ya rangi mpaka ndani ya matundu ya skurubu, ameshakata nusu ya wayaringi bila kugusa waya hata mmoja.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni bati, rangi, halafu waya. Rangi ikishakauka sawasawa narudi na msasa kwenye sehemu za ethi tu: kwenye kichwa, pale inapofungwa taa ya nyuma, na bolti moja ya bodi karibu na injini. Nasugua mpaka bati liwe jeupe, naweka washa yenye meno, nakaza, kisha napaka vaselini juu ili hewa ya bahari isipate pa kuingia. Injini yenyewe imekaa juu ya mipira, kwa hiyo usitegemee bolti yake kupitisha umeme. Vuta waya mzima wa ethi kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi.

Wayaringi wa zamani usiung'oe kwa hasira. Piga picha kila kiungo kwa simu, andika kwenye vipande vya tepu. Halafu funga mshipi wa kuvulia kwenye ncha moja ya waya zile na uzivute taratibu zitokee upande wa pili. Mshipi unabaki ndani ya bodi, na huo ndio utakaovutia wayaringi mpya. Paka poda ya mtoto kwenye mpya ili iteleze, mmoja avute huku, mwengine asukume kule. Asiyefanya hivi atashinda kutwa na kipande cha waya mgumu akipapasa gizani.

Rangi za waya ziwe shahidi tu, hakimu ni testa, yaani kipima umeme. Vespa zilitengenezwa India pia, na kampuni ya Bajaj kwa leseni kabla ya kutoa skuta yao ya Chetak mwaka 1972, na kampuni ya LML baadaye, na spea nyingi za huko zinakaa vizuri kwenye vyombo vya Italia. Kukaa hakumaanishi rangi zinalingana. Na kabla yako wamepita mafundi wangapi? Kila mmoja aliunga kwa waya aliokuwa nao siku ile.

Sasa tuje kwenye stata, ile sahani ya koili zinazozalisha umeme kwenye injini, kwa sababu hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Vespa nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitoka kiwandani na waya za stata zenye ganda lisilostahimili joto na mafuta. Ganda hukauka, likavunjika vipandevipande, shaba ikabaki uchi. Asubuhi chombo kinawaka vizuri. Ukifika Mwanakwerekwe kimezima. Kikipoa kinawaka tena. Mwenyewe anabadilisha plagi. Anabadilisha koili. Anafungua kabureta, maskini, na kabureta haina kosa. Ukiona dalili hiyo, zishike zile waya zinapotokea kwenye injini, uzikunje kidogo kwa vidole. Zikilia na kumwaga unga, umeshapata jibu.

Kuifikia stata lazima flaiwili itoke, lile gurudumu zito lenye sumaku linaloizunguka, na flaiwili haipigwi nyundo. Nyundo inapinda krenki (shafti ya injini) na kudhoofisha sumaku. Vespa nyingi za aina ya PX zina ringi ya chuma mbele ya nati: ukiendelea kuifungua nati baada ya kulegea, inakwama kwenye ringi na kuivuta flaiwili yenyewe. Nyingine zinataka kifaa chake cha kuvutia, kiazime. Kabla ya kulegeza skurubu tatu za sahani ya stata, kwaruza mstari kutoka kwenye sahani hadi kwenye injini. Wakati wa kurudisha, mistari ikutane, la sivyo cheche itakuja kwa wakati usio wake. Kile kichuma cha nusu mwezi kwenye krenki kitie kwenye kikopo mara moja. Kama chombo ni cha pointi, yaani vigusano vinavyokata umeme ili cheche itoke, badilisha kondensa yake pia wakati umeshafungua, maana kondensa ikichoka inatoa dalili hiyohiyo ya kuzima kwa joto. Pointi ziachie nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.5.

Waya gani? Si wa nyumba, yakhe. Ule wenye uzi mmoja mnene wa shaba utakatika kwa mtikisiko. Chukua wa nyuzi nyingi nyembamba, na ukiweza nenda kwa wanaofunga mashine za boti: waya wao una nyuzi zilizopakwa bati, na chumvi haiuli haraka. Kwa zile waya za ndani ya stata, tafuta wenye ganda linalohimili joto na mafuta.

Unene nao usiudharau, hasa kwenye vespa za volti 6. Globu ya wati 25 kwa volti 6 inavuta zaidi ya ampea 4. Ya wati 35 kwa volti 12 haifiki 3. Waya mwembamba na ethi mbovu zikila nusu volti kwenye volti 12, hutajua. Kwenye 6, taa inapoteza kama robo ya mwanga wake, na wewe unalaumu globu.

Globu zenyewe zina mambo yao. Vespa za zamani za volti 6 hazina kidhibiti cha volti. Mzigo wa globu ndio unaoituliza volti isipande. Moja ikiungua, au ukiweka yenye wati ndogo, umeme uliobaki unazielemea nyingine, nazo zinafuata. Kwa hiyo weka wati zilezile zilizoandikwa kwenye kitabu cha chombo. LED za kisasa hapo zitaungua, na hata kwenye PX isiyo na betri zitapepesa.

Injini haina cheche kabisa? Usikimbilie dukani. Vespa zisizotegemea betri huzimwa kwa kuupeleka umeme wa koili kwenye ethi, kwa hiyo waya wa kuzimia ukichubuka popote ndani ya bodi, chombo kinajiona kimezimwa siku zote. Kwenye PX ni ule wa kijani. Uchomoe, laza plagi kwenye silinda, piga kiki. Cheche ikirudi, tafuta mchubuko kati ya hapo na swichi.

Na unapopima taa, weka testa upande wa AC (mkondo geu), si DC (mkondo mnyoofu). Umeme wa taa kwenye magineti hizi, yaani flaiwili na stata yake, haujanyooshwa, na testa ikiwa kwenye DC itakuonyesha karibu na sifuri wakati stata ni nzima. Stata nzuri nyingi zimeshatupwa kwa kosa hilo. Kama AC nayo haitoi kitu, pima koili moja moja. Iliyokatika mpelekee anayefunga mota upya, na usizivue waya zake kwanza, aihesabu mizunguko na kupima unene yeye mwenyewe.