Je, Wajua Kwa Nini Aliyewahi Kusikia Sauti Anaweza Kumzuia Mwenzake Asijiue?

Kijana wa miaka 19 anaanza kusikia jina lake likiitwa, akigeuka hakuna aliyemwita. Usingizi unampaa. Darasani haelewi kitu. Anahisi majirani wanamsema, ingawa bado anajiuliza kama ni kweli au ni mawazo yake tu. Madaktari huiita hali hii hatari ya saikosisi: mtu hajapoteza kabisa mpaka kati ya yaliyopo na yasiyokuwepo, ila mpaka wenyewe umeanza kufifia. Moja ya kliniki za mwanzo kabisa kwa ajili ya vijana wa namna hii ilifunguliwa Melbourne, Australia, miaka ya 1990, na kina Patrick McGorry na Alison Yung.

Wengi wa vijana hao hawafikii saikosisi kamili. Hiyo ni habari njema, na haisemwi vya kutosha. Hatari nyingine ndiyo isiyoonekana. Uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya tafiti kadhaa ulionyesha kwamba karibu theluthi mbili yao walikuwa na mawazo ya kujiua. Kwa waliokwisha kuugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoambatana na saikosisi, inakadiriwa kwamba watu 5 hivi katika kila 100 hufa kwa kujiua, na miaka ya mwanzo ya ugonjwa ndiyo mibaya zaidi.

Watu hudhani chanzo ni sauti zinazomwamuru mgonjwa ajidhuru. Zipo, na si za kupuuzwa hata kidogo. Lakini mara nyingi hatari hupanda wakati ambapo familia imeanza kushusha pumzi: dawa zimefanya kazi, akili imetulia, mgonjwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Sasa anakumbuka aliyoyasema mbele za watu. Anaona wenzake wamemaliza chuo, mchumba amekaa kimya, na kila akiingia chumbani mazungumzo yanakatika. Anajiambia maisha yake yamekwisha. Kwa anayeanza tu kuona dalili, fikra hiyo huja mapema zaidi: anaogopa kile anachodhani kinamsubiri.

Naye hasemi. Ana sababu za kutosema. Tanzania, ukisikika umepitia Mirembe, au Kenya ukisikika umepitia Mathari, jina la hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili hugeuzwa kuwa tusi la mtaani. Ukimwambia daktari kwamba unataka kufa, unaogopa kulazwa kwa nguvu. Ukimwambia mzazi, unaogopa kuambiwa hujaswali, au umerogwa, au unamtia aibu. Na sheria nayo imechangia ukimya huu. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba. Tanzania bado ni kosa. Mtu aliye katika maumivu makali kiasi hicho anapaswa kukimbizwa hospitali, si kupelekwa kituo cha polisi, na mimi naiona sheria hiyo kuwa kizuizi cha wazi cha kuokoa maisha.

Hapo ndipo anapoingia msaidizi rika: mtu aliyepitia saikosisi, au aliyewahi kutaka kufa, akapata nafuu, akafunzwa, na sasa anawasindikiza wengine. Kumwambia yeye siri ile hakuna gharama. Akisema, "Mimi pia nilisikia sauti, na mwaka mmoja nilikuwa nikihesabu siku zangu," anayemsikiliza hupata kitu ambacho hakuna kidonge kinachokibeba: ushahidi ulio hai kwamba baada ya hali hii kuna kazi, kuna ndoa, kuna kucheka tena. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliowahi kuhudumiwa na WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU wanaowashauri wenzao, katika kliniki za VVU wataielewa kazi hii mara moja. Maneno ya ushauri huwa yaleyale ya muuguzi, lakini yana uzito mwingine yakitoka kwa mtu anayemeza dawa zilezile.

Wazo lenyewe ni la kale. Mwishoni mwa karne ya 18, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, Jean-Baptiste Pussin, aliyewahi kuwa mgonjwa hapohapo, alisimamia wodi ya wagonjwa wa akili na kupenda kuajiri waliopona, kwa kuwa walikuwa wapole kwa wenzao. Mwaka 1987 huko Uholanzi, Patsy Hage, aliyekuwa akisikia sauti, na daktari wake Marius Romme walichochea harakati ya vikundi ambamo watu huulizana bila woga: sauti zako husema nini? Huja saa ngapi? Hunyamaza ukiwa na nani?

Msaidizi rika mzuri hahubiri. Kwanza huuliza waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Wengi huogopa swali hili wakidhani litampa mtu wazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliohusisha wanafunzi zaidi ya 2,300 wa sekondari katika jimbo la New York, haukuona madhara hayo, na waliokuwa na sonona walionekana kupata nafuu kidogo baada ya kuulizwa. Kisha wawili hao huandika mpango wa usalama, kwa mtindo ulioandaliwa na Barbara Stanley na Gregory Brown wa Marekani: dalili zinazotangulia usiku mbaya, mambo ya kufanya ukiwa peke yako, mtu wa kwenda kukaa naye hata bila kumweleza kitu, mtu wa kumweleza, hospitali ya kukimbilia, na namna ya kuviondoa nyumbani vitu vya hatari. Kwa asikiaye sauti, mstari wa kwanza unaweza kuwa "sauti zimeanza kunitukana," jambo ambalo mwenzake halishangai.

Je, inafanya kazi? Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet uliwafuatilia watu 441 waliotoka kwenye huduma za dharura za afya ya akili. Miongoni mwa waliosindikizwa na wasaidizi rika, asilimia 29 walirudi kwenye huduma hizo ndani ya mwaka mmoja. Waliopewa kitabu cha mwongozo peke yake walikuwa asilimia 38. Kilichopimwa ni kurudi kwenye matibabu ya dharura, si vifo, kwa hiyo isisemwe zaidi ya hapo.

Karibu nasi, mradi wa UPSIDES ulioanza mwaka 2018 uliwafunza wasaidizi rika Dar es Salaam na Kampala, pamoja na miji ya Ujerumani, India na Israeli. Ninachoomba ni kwamba watu hawa walipwe. Kusikiliza habari za kifo kila siku huku ukilinda afya yako ni kazi nzito. Msaidizi rika anahitaji mshahara, msimamizi wa kuzungumza naye kila wiki, na ruhusa ya kupumzika dalili zake zikirudi. Wala si mbadala wa daktari au dawa. Wala hatakiwi kuahidi siri pale ambapo uhai uko hatarini, na hilo alieleze siku ya kwanza kabisa.

Kama kwenu hakuna huduma hiyo na una wasiwasi na mtu leo, muulize wazi, kwa sauti ya kawaida, mkiwa wawili. Usibishane naye kuhusu sauti kama ni za kweli au la. Muulize zinamfanya ajisikieje. Akikubali kwamba anataka kufa, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari vilivyo karibu, na mwende pamoja katika hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku. Na akiruhusiwa kurudi nyumbani, wiki zile za mwanzo mpigie simu bila kusubiri akupigie.