Ngozi ni kitu cha asili, basi haina madhara?

Wengi tumekua tukiamini kwamba kiatu cha ngozi hakidhuru mazingira: ni kitu cha asili, kitaoza, na ng'ombe angechinjwa tu kwa ajili ya nyama.

Imani hii ina mantiki yake. Ngozi mbichi huoza, tena haraka. Anayeishi jirani na machinjio anaijua harufu hiyo. Ila kiatu si ngozi mbichi. Kusindika ngozi ndiko kuizuia isioze, na sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa kwa chumvi za kromiamu (aina ya metali), baada ya kulowekwa kwenye maji ya chokaa na kemikali ya salfaidi ili manyoya yatoke. Maji hayo yasiposafishwa huishia mtoni. Huko Hazaribagh, mtaa wa Dhaka nchini Bangladesh, viwanda vya ngozi vilimwaga majitaka kuelekea mto Buriganga kwa miongo kadhaa, hadi vilipohamishwa mwaka 2017.

Kuhusu nyama, ni kweli ng'ombe hafugwi kwa ngozi pekee. Lakini ngozi huuzwa, na fedha hiyo huongeza faida ya kumchinja. Kwa anayepinga kuua mnyama, kuiita ngozi mabaki ya nyama hakumalizi hoja yake.

Unaweza kukagua mwenyewe ngozi ya kiatu ilisindikwa kwa nini. Tazama ukingo uliokatwa, usiopakwa rangi. Katikati pakiwa na rangi ya kijivu inayoelekea samawati, huenda ilisindikwa kwa kromiamu. Iliyosindikwa kwa magome, kama ya miwati inayolimwa Njombe, mara nyingi huwa ya kahawia mpaka ndani. Na ile "ngozi" ya bei chee kwa kawaida ni plastiki, nayo ina kesi yake.