Mizunguko imepanda? Usishangilie bado

Swali la wenye jeti, yaani pikipiki za maji, linarudi kila msimu, na sasa nalijibu kwa kirefu ili nisilijibu tena: "Fundi, nimebadilisha programu ya injini, mizunguko imeongezeka 300, mbona jeti ya mwenzangu ambayo haijaguswa inanipita?"

Inakupita kwa sababu mizunguko si kasi. Geji inahesabu krenki shafti inazunguka mara ngapi kwa dakika, basi. Haijui maji mangapi yametoka nyuma wala yametoka kwa nguvu gani. Pikipiki ya maji haina tairi la kushika lami. Kinachoshika ni impela, ile feni yenye mapanga inayosukuma maji nyuma ndani ya pampu, nayo inashika maji, na maji huponyoka.

Kwa hiyo kabla hujagusa injini, fungua pampu. Impela inazunguka ndani ya ringi ya pampu, na kati ya ncha za mapanga na ukuta wa ringi kuna uwazi mdogo. Kwenye pampu nyingi zikiwa mpya, uwazi huo ni kama milimita 0.3. Ukikaribia 0.6, maji yaliyokwisha kupata shinikizo yanarudi nyuma kwa kupitia kwenye zile ncha. Mzigo kwenye injini unapungua, injini inakuwa nyepesi, mizunguko inapanda. Mwenye jeti anaangalia geji na kufurahi, kumbe msukumo umeshuka.

Narudia kwa sababu hapa ndipo watu wananibishia: ringi iliyochakaa hupandisha mizunguko na kupunguza kasi. Kwenye geji inafanana kabisa na injini iliyoongezwa nguvu. Ukiweka programu mpya juu ya ringi mbovu, unanunua mizunguko ya kumwaga.

Upimaji wake hauna siri. Toa kamba ya usalama, chomoa betri, ndipo uingize mkono. Ondoa wavu wa chini, pitisha fila geji ndefu (kibamba chembamba cha chuma cha kupimia uwazi) kati ya ncha ya panga na ringi, katikati ya upana wa ncha. Zungusha impela kwa mkono na upime kila panga sehemu nne: juu, chini, kushoto, kulia. Kipimo kimoja hakisemi kitu. Ukipata 0.3 juu na 0.6 chini, ringi imeliwa upande mmoja, na hapo usikimbilie kununua ringi mpya. Angalia beringi za pampu na mpangilio wa injini na shafti kwanza, la sivyo ringi mpya italiwa palepale.

Wapo wanaotaka 0.1 kwa ajili ya mashindano. Inavuta vizuri, sikatai. Lakini bodi, yaani mwili wa jeti, hujipinda kidogo jeti inapotua kutoka kwenye wimbi, na ncha zikigusa ringi ya plastiki zinaichonga ndani ya mzunguko mmoja wa mbio. Hakuna namba moja inayofaa kila pampu. Kwenye maji tulivu unaweza kubana, ila kwenye mawimbi acha nafasi.

Sasa pitisha kidole polepole kwenye makali ya mbele ya kila panga. Yawe membamba na laini, bila jino. Jeraha la ukubwa wa punje ya mchele, lililoachwa na kokoto moja, linatosha kuharibu mkondo: nyuma yake shinikizo linashuka mpaka maji yanageuka mvuke, ingawa ni ya baridi. Viputo hivyo vikipasuka vinakula chuma. Ukiona vishimo vidogo kama ngozi ya chungwa nyuma ya makali, hiyo ni kavitesheni, na ringi mpya peke yake haitaitibu. Jino dogo linyooshe kwa tupa, taratibu, ukifuata umbo la panga. Panga lililopinda lipeleke kwa mtu wa impela.

Hewa ni jambo jingine, ingawa mlio unafanana: injini inapiga kelele, jeti haiendi. Hewa hupenya pale pampu inapokutana na bodi. Kwangua silikoni ya zamani yote, futa kwa asitoni, jaza silikoni ya baharini, iache ikauke siku nzima. Kung'arisha stata, yaani mapanga yasiyozunguka yaliyo nyuma ya impela, hadi iwe kioo? Nina shaka nako. Kuondoa mabonge ya kiwandani kuna maana, zaidi ya hapo sidhani kama saa ya mbio itaona tofauti.

Pampu ikiwa sawa, ndipo uchague impela. Maandishi 13/18 ni digrii za panga, mbele 13 na nyuma 18. Digrii zikiongezeka, mizunguko inashuka. Unachotafuta ni injini ifike kwenye mizunguko ambayo mtengenezaji anasema ndipo ina nguvu yake kamili, bila kugonga kikomo. Ikigonga kikomo, impela ni nyepesi mno, yaani digrii zake ni chache. Tena msiamini namba kama msahafu: impela mbili zenye 13/18 kutoka kwa watengenezaji wawili huweza kutoa mizunguko tofauti, kwa sababu umbo la panga si lile lile. Jedwali la kuchagulia impela linakufikisha karibu, halikufikishi. Na injini ya supachaja (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) iliyopimwa asubuhi yenye baridi itaona impela ile ile nzito ifikapo adhuhuri, kwa sababu hewa ya joto huipunguzia nguvu.

Mengine haraka. Bolti za pampu zikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na gundi ya nyuzi za bolti. Betri ifungwe isicheze. Kamba ya usalama ivutwe injini ikiwa hai, uone inazima. Unapoosha kwa mpira wa maji, washa injini kwanza ndipo ufungulie maji, na funga maji kabla ya kuzima, vinginevyo ekzosi inajaa na maji yanarudi kwenye silinda. Kama unashindana, soma kanuni za daraja lako la mbio kabla ya kukata chochote.

Halafu pima majini, dereva yule yule, mafuta kiasi kile kile, mara tatu kila upande ili upepo na mkondo vifutane. Andika mizunguko pamoja na kasi ya GPS. Vyote viwili vikipanda, nguvu imeongezeka kweli. Mizunguko ikipanda na kasi ikashuka, rudi kwenye fila geji. Na mizunguko ikishuka huku kasi ikipanda, impela imeshika maji: iache hapo hapo, usiiguse.